Nukta ya Hamsini

Tarehe 4 Machi

Kwako Karani, ndugu yangu, mlaji wa mwavuli wangu,

Kwanza ujue ni nani anayekuandikia. Ni mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumbembelezea mtoto alale. Haya, cheka. Cheka mpaka ukohoe. Nimeandika mstari mmoja tu na tayari nimeshadanganya, afadhali nikiri mapema kabla hujawasha jiko kwa barua hii.

Ni mimi, Kinyume, mchonga mihuri. Bado niko kwenye kibanda kilekile ubavuni mwa posta, na kiti ni kilekile kilichokuchania suruali. Kilichopungua ni wateja na meno. Siku hizi mtu anaingia duka la jirani, mashine inalia kidogo, muhuri unatoka kama mkate. Mimi bado nashika kipande cha mpira na wembe, natega kioo cha kunyolea ndevu, naandika kinyumenyume ili ukigongwa usomeke sawa. Miaka arobaini na minane ya kuandika nyuma mbele, ndiyo maana hata maneno yangu hutoka kinywani yamegeuka. Na mkono umeanza kutetemeka. Wiki iliyopita nilimchongea mkuu wa shule, nikasahau kugeuza neno moja. Amegonga barua ishirini kabla hajagundua kwamba shule yake inasomeka kwenye kioo tu. Kaja hapa anafoka. Nikamwambia, "Mwalimu, wape wazazi vioo."

Mama watoto alitutoka mwaka juzi. Nyumba ina vikombe viwili na mnywaji mmoja. Siku zake za mwisho aliniuliza, "Hivi yule Karani yuko wapi?" Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, lakini ilinuka.

Nimekupata kwa dereva wa lori la magunia. Alisema huko kwenu, kwenye ghala la nafaka, palikuwa na mzee mhesabu magunia, mtu wa kuandika kumbukumbu namba kwenye kila kikaratasi, hata cha kufungia karanga. Nikamwambia huyo simtafuti tena, nimeshampata.

Nina jambo la kukuambia, Karani. Lina miaka thelathini na moja na limeniozea tumboni. Lakini kwanza nijue kama uko hai, na kama unataka kulisikia. Nijibu kwa ufupi, mimi si msomaji.

Na mwavuli wangu mweusi, wenye mpini wa mbao. Ulisema utaurudisha jioni. Jioni ya wapi hiyo, bwana?

Wako,
Kinyume


Tarehe 19 Machi

Kwa Fundi,

Barua yako imefika. Macho yangu hayaoni tena, mimi nasema na binti yangu anaandika. Nipo hai, na afya yangu si mbaya kwa umri huu.

Kama ni habari ya ule muhuri ulionifukuzisha kazi, nataka kuisikia yote. Usinifiche kitu kwa kunihurumia, na usifanye mzaha. Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Sema lilivyokuwa.

Karani


Tarehe 30 Machi

Karani, ndugu yangu,

Umesema nisifanye mzaha. Ni kama kumwambia kuku asidonoe, lakini nitajaribu.

Unaikumbuka ile siku uliyokuja kibandani na chupa yako ya chai, ukajigamba? Ulisema, "Kinyume, muhuri wangu unalala kwenye kopo, kopo linalala kwenye kabati, na ufunguo unalala shingoni mwangu. Hata wewe uliyeuzaa huwezi kuuzaa mara ya pili." Nikakujibu kwamba wako wanawake wanaozaa pacha. Ukacheka, ukaenda zako kazini.

Basi mimi mchana uleule nikauchonga pacha wake. Mungu ananiona, sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nikugongee kwenye karatasi ya mkate wako, uufungue mbele ya wenzako pale ofisi ya vyeti, macho yakutoke. Nilikuwa nimeshakutengenezea na maneno ya kukukejeli. Kesho yake ukapata homa, ukalala wiki nzima. Nikautia muhuri kwenye droo. Uliporudi nilikuwa na kazi nyingi, mzaha ukapoa.

Kumbe aliuona shemeji yangu, ndugu yake mama watoto, yule mwenye upara. Alikuwa anatafuta kazi mahali wanapotaka vijana. Akafungua droo yangu, akajiandikia cheti cha kuzaliwa, akajipunguzia miaka kumi na miwili, akakigonga. Sasa hebu fikiria, mtu ana upara unaong'aa kama sinia, anakwenda kusema ana miaka ishirini na miwili! Wakamshika shati, akawaachia shati. Hajaonekana mpaka leo. Kilichobaki mkononi mwao ni cheti kilichogongwa, na swali la nani ana ufunguo.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwako.

Asubuhi ya baraza la kukuhoji mvua ilinyesha, ukapita kibandani ukaazima mwavuli wangu. Mimi nilikuja baadaye na gunia kichwani. Kulikuwa na wale watu watatu nyuma ya meza na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Wakanipa kile cheti. Mkubwa wao akauliza, "Fundi, muhuri huu ni wa mkono wako?" Nikasema, "Ni wa mkono wangu." Karani, neno lile lilikuwa kweli tupu. Yote miwili ilikuwa ya mkono wangu. Sikusema kitu kingine, na hakuna aliyeuliza kingine.

Wewe peke yako ndiye uliyeniuliza. Uligeuka kwenye kiti, ukasema taratibu, "Kinyume, una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika."

Huo ndio uongo wangu. Maneno mawili. Mama watoto alikuwa na mimba ya miezi saba, mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Nikajiambia, nikifungwa na hii nayo itatoka. Nikajiambia pia kwamba wewe ni mtu mwema, watu wema huwa wanapona. Nilijiambia mengi. Jioni nilitoka na wembe nikaukata pacha vipande vipande, nikautupa chooni. Na nilikungoja. Nilijua mtu wa kurudisha vitu kama wewe ungekuja na mwavuli hata kama ni kwa kunipiga nao. Hukuja. Wiki haikwisha, mkahama.

Sasa unajua. Tukana unavyotaka, binti aandike.

Kinyume


Tarehe 11 Aprili

Mzee,

Baba yangu alifariki tarehe 2 Septemba mwaka jana. Barua yako ya kwanza ilifikia ghalani, wakaniletea mimi. Ile ya kujibu niliiandika peke yangu kwa jina lake. Nilijua kwamba mimi usingeniambia kitu.

Sikukupa shikamoo, na si kwa kusahau.

Mimi ni mwalimu wa chuo, nafundisha hesabu na mantiki. Kila mwaka, wiki ya tatu, naandika ubaoni: Sentensi hii ni ya uongo. Wanafunzi wanacheka, kisha wanaanza kunyamaza mmoja mmoja. Kama inasema kweli, basi ni ya uongo, maana ndivyo inavyojisema. Kama ni ya uongo, basi imesema kweli. Inazunguka kama punda aliyefungwa kwenye kinu. Nimeifundisha miaka tisa bila kunitoa jasho, kwa sababu ilikuwa ubaoni, na ubao unafutwa.

Sasa wewe umeniletea punda yuleyule kwenye bahasha. Unaniambia wewe ni mwongo. Nikikuamini, basi wewe ni mtu anayeweza kumtazama rafiki yake machoni na kumwangamiza, na mtu wa hivyo nitamwaminije leo? Nisipokuamini, basi wewe ni mkweli, na kama ni mkweli ulikuwa mkweli na siku ile, na baba yangu alistahili yaliyompata. Nimelala na barua yako, nimeamka nayo, nimekwenda nayo darasani. Haitoki mahali.

Nilikuwa na miaka tisa tulipohama. Shuleni waliniita Bandia. Mama alivumilia miaka miwili, akarudi kwao. Baba alihesabu magunia mpaka mgongo ukapinda. Alikuwa hasemi mengi, lakini hiyo moja aliisema daima: "Sikuupiga mimi." Alisema hivyo kwa wageni na kwa wagonga mlango, hata kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Asubuhi ile ya Septemba nilikuwa nachelewa kipindi. Nilikuwa nimempa chai, nimeshabeba mkoba. Akasema, "Mwanangu, sikuupiga mimi." Nikamwambia, "Baba, hayo yameshapita." Akasema, "Lakini wewe unaniamini?"

Nikasema, "Kunywa chai, inapoa."

Akanywa. Niliporudi, majirani walikuwa mlangoni.

Kwa hiyo usifikiri ni wewe peke yako uliyeulizwa swali.

Mwavuli wako upo. Unaning'inia nyuma ya mlango. Baba hakuwahi kuufungua hata siku moja. Alikuwa akienda ghalani na gunia kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, na mwavuli mkavu uko nyumbani. Ukimuuliza anasema, "Si wangu." Niliona ni ukaidi wa uzee tu.

Kama una kitu chochote ambacho si neno lako, kilete. Maneno yako sina pa kuyaweka.

Binti wa Karani


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Pole. Pole ya baba na pole ya chai.

Sasa nami nikutoe gizani. Nilijua. Ile barua yako ya Machi nilijua kwamba si yake kabla sijafika katikati. Baba yako hajaandika karatasi bila kumbukumbu namba tangu atoke jando la ukarani. Aliwahi kuniachia kikaratasi mlangoni, "Kumb. Na. K/14, nimepita hukuwepo." Pili, hakuwahi kuniita Fundi, hata siku aliyokasirika. Na tatu, Karani wa kweli angeanza na mwavuli.

Nikajiuliza, binti anaandikaje kwa jina la baba aliye hai? Si angemwachia mwenyewe anitukane? Basi nikaelewa. Nilikaa na barua yako siku tatu nikimlilia ndugu yangu hapa kibandani, wateja wakadhani ni vumbi la mpira. Kisha nikakuandikia yote. Wewe ulinidanganya kwamba yu hai, mimi nikakudanganya kwamba nimedanganyika. Sijui hiyo mnaifundisha wiki ya ngapi.

Barua yako ilipokuja nilivaa kanzu safi, nikaenda ofisi ya vyeti kujishtaki. Nikapokewa na afisa, dada wa miwani, mpole. Nikamweleza yote. Akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, kwa hiyo unasema wewe ni mwongo."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa mwongo lini, wakati ule au sasa?"

"Wakati ule."

"Na sasa?"

"Sasa nasema kweli."

"Na wakati ule uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nasema kweli."

Akavua miwani, akaifuta. Wenzake wamegeuza viti, wananitazama kama mbuzi aliyepanda kitandani. Akasema, "Baba yangu, mimi nakuamini. Lakini faili haliwezi kuandika kwamba mimi nakuamini. Rudi nyumbani, jua kali."

Nilirudi na hasira, nikaichonga ile sentensi yako. Nimekugongea hapo chini ya barua, uione: MUHURI HUU NI BANDIA. Nimeuchonga mwenyewe, ni halali, nina leseni. Sasa niambie ni bandia au si bandia. Nilikuwa nazihesabu nukta za pembeni zisije zikanipungukia, ndipo kitu kikanichoma.

Nukta! Sikiliza vizuri, mwanangu, hapa sina mzaha.

Muhuri wa ofisi ulikuwa na duara la nukta ukingoni. Mchoro walioniletea ulisema hamsini. Nilipochonga ule wa kwanza nilikuwa kijana, nilianza kwa mwendo wa kujidai, nikafika mwisho nafasi imebaki ya nukta nusu. Zikawa arobaini na tisa. Nikazisogeza kidogo, nikanyamaza, wakaupokea wakanishukuru. Nani anahesabu nukta? Lakini mimi nilikuwa nauona kila mahali, kila karatasi mjini, ule upungufu ukinichekea kama pengo. Basi nilipochonga pacha mkono ulikataa. Fundi hawezi kurudia kosa analolijua, hata akiwa anaiga. Nilipima kwanza, zikaenea zote hamsini. Kwa hiyo wa kweli ndio wenye kosa, na wa bandia ndio sahihi. Ndiye mimi huyo.

Wewe umezaliwa mji huu. Cheti chako alikigonga baba yako mwenyewe. Tafuta sindano, uhesabu. Kisha tafuta nakala ya kile cheti cha shemeji. Kila aliyeitwa barazani alitumiwa nakala pamoja na wito, na Karani hajawahi kutupa karatasi. Usiniamini mimi hata kidogo. Hesabu tu.

Kinyume


Tarehe 9 Mei

Baba mdogo, shikamoo.

Nimehesabu. Cheti changu, arobaini na tisa. Nimehesabu mara nne kwa ncha ya sindano, mara mbili kuanzia juu, mara mbili kuanzia chini. Wanafunzi wangu wangenicheka.

Nakala ya baraza ilikuwa kwenye faili lake la kahawia, juu ya kabati. Faili hilo nimelipangusa vumbi tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kulifungua, kwa sababu nilidhani najua kilichomo. Hamsini.

Lakini sikuwa wa kwanza kuhesabu. Kila nukta kwenye nakala ile ina alama ndogo ya penseli pembeni yake. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake, ule wa ofisini, pameandikwa hivi. Nakunakilia kama ulivyo:

"Kumb. Na. B/1. Nukta 50. Wetu una 49 tangu siku ya kwanza, sikumwambia asije akaaibika. Huu ni mkono wa Kinyume. Mkewe ana mimba ya miezi saba, na mbili zilizotangulia zimeharibika. Mimi binti yangu ameshakua. Nitamuuliza mara moja. Asiposema, sitasema. Faili lifungwe."

Tarehe yake ni siku moja kabla ya baraza.

Miaka yote ile alikuwa na njia ya kujitetea, iko juu ya kabati, hatua tatu kutoka kitandani kwake. Alichagua kusema "sikuupiga mimi" na kuishia hapo, kwa sababu hiyo ilikuwa kweli na haikumtaja mtu. Alitaka tumwamini kwa hilo peke yake. Mama alishindwa. Mimi nilishindwa.

Nilikwenda kaburini na vile vyeti viwili mkononi, kama mtu anayekwenda kudai haki. Nikasema, "Baba, nakuamini." Maneno yalipotoka nikaona aibu. Nilikuwa nimeshahesabu. Yeye aliponiuliza hakuniomba nihesabu.

Nakala za vyeti vyote viwili nimezituma kwa yule afisa wa miwani, maandishi ya baba ya penseli yakiwemo. Wewe nenda ukatie sahihi maelezo yako.

Sijakusamehe. Shikamoo nimekupa kwa ajili ya mvi zako, isikudanganye.

Binti wa Karani


Tarehe 23 Mei

Mwanangu, Mwalimu,

Marahaba. Nimeipokea jinsi ilivyo, siichakachui.

Barua yako nimeisoma mara moja. Ya pili sikuweza. "Asije akaaibika." Nilijisifu nimeuficha mji mzima pengo langu, kumbe mtu mmoja aliliona siku ya kwanza, akalifunika kwa kiganja, akaendelea kunywa chai nami. Na mimi nilidhani lile swali lake barazani ni la mtu aliyepotea. Alikuwa amenifungulia mlango, akakaa pembeni nipite. Nikaufunga kwa ndani.

Nimekwenda kwa dada wa miwani. Alikuwa na sindano mezani, naye amehesabu, na ofisi nzima imehesabu, mpaka mfagiaji ananiambia, "Mzee, kweli ni arobaini na tisa." Akaniandikia maelezo, akauliza kazi yangu. Nikasema mchonga mihuri. Nikamwomba aongeze na mwongo. Akasema hakuna nafasi ya hilo kwenye fomu. Nimetia sahihi, imekaa kama njia ya mchwa. Utaletewa barua inayosema Karani hakuhusika. Imegongwa muhuri wa mashine, nukta zote zipo, haina ladha.

Kuhusu mimi wanasema watakaa waangalie. Nimewaambia wasinionee huruma, ila wasiharakishe sana.

Yule mtoto wa ile mimba alikuja Jumapili kunikaripia kwamba sili. Ana watoto wawili sasa, na mdomo wa mama yake. Nikamkalisha, nikamsomea penseli ya baba yako. Chai yake ikapoa kikombeni. Kisha akauliza jina lake kamili, jina la Karani, akaliandika kiganjani kwa kalamu, akaondoka bila kuniaga. Sijui atalifanyia nini. Kiganja kinaoshwa, lakini aliliandika kwa kukandamiza.

Wewe usinisamehe haraka. Mtu akinisamehe huwa naanza kujidai, na kujidai ndiko kulikotufikisha hapa. Wala usijihesabie ile chai. Nakuambia, alijua unamwamini. Hapana, ngoja. Sijui kama alijua. Nilitaka kukufariji, mkono ukaandika wenyewe. Umeona ugonjwa wangu? Ninachojua ni kwamba alikunywa.

Muhuri wako ule wa bandia nimeutundika ukutani. Watu wanaingia, wanausoma, wanacheka, kisha wananyamaza mmoja mmoja, kama wanafunzi wako.

Sasa nina ombi, na hili ni haki yangu, marehemu mwenyewe amelikiri miaka thelathini na moja. Mvua zimeanza huku. Kibanda kinavuja juu ya kiti cha mteja, na gunia langu la kujifunika limeoza. Niletee mwavuli wangu. Usiutume kwa posta, wanavunja mbavu, ulete mwenyewe. Na ukinyeshewa njiani, mwanangu, ufungue. Nimekuruhusu. Yeye hakuna aliyemwambia.

Kinyume